Dirisha la Upande wa Mbuzi

Wamekuja na futi kamba, simenti mifuko miwili,
na kibao cha bati kilichoandikwa Tabora mjini:
HAPA ILIKUWEPO SHULE YA MSINGI IGOMBANILO.
Hapa wapi? Ndipo ubishi ulipoanza.

Kapela, aliyekuwa kiranja wa zamu,
anasema mlango ulitazama njia ya Sikonge.
Nyanzala anasema hata njia yenyewe ilihama,
tulihamishwa sote, mwaka ule wa trekta,
mabati yaking'olewa, misumari ikihesabiwa,
shule ikapelekwa barabarani pamoja na watu,
na tofali zilizobaki mvua ikazirudisha udongo.

Sasa ni tumbaku.
Matuta yamenyooka kuliko mistari ya daftari.
Kimebaki kipande cha reli, kengele yetu,
kilining'inizwa kwa waya kwenye mninga,
mti ukanenepa, ukakifumbata
kama bibi na sarafu asiyotaka kuombwa.

Mtendaji, kijana wa juzi, ananiuliza kwa adabu:
"Bibi Wande, wewe ulikuwa darasa la ngapi?"
Ana orodha. Ana kalamu mbili.

Mimi sikusoma hapa.
Maji ya kufyatulia tofali nilichota, hilo aandike,
utosi wangu bado una kumbukumbu ya debe.
Lakini siku ya kuandikisha watoto
baba aliwapeleka Mihambo na Magohe,
mimi akaniambia mbuzi nao wanataka mwalimu.

Basi nikawachungia ukutani.
Kulikuwa na dirisha, tundu tu, halina kioo wala ubao,
lilinifika kidevuni nikipanda kichuguu.
Kutoka pale darasa ulilitazama kwa ubavu,
herufi zimelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe,
na mwimo wa dirisha ulikata robo ya mwisho.
Kwa hiyo hesabu nilizijua mpaka alama ya sawasawa.
Jibu lilikuwa nyuma ya mti.

Nilikwenda nayo machungani, saba mara nane,
saba mara nane,
nikipanga mavi ya mbuzi juu ya jiwe
mpaka jibu likatoka lenyewe
na beberu mmoja akaingia shamba la watu.
Kwa hesabu ile nilichapwa.

Mwalimu Ntabo aliniona. Hakusema kitu.
Asubuhi moja tu alisogeza ubao, hatua moja,
kama mtu anayesogeza kigoda kumpisha mgeni.
Wa mstari wa mbele wakalalamika, mwanga unawapiga.
Hakuurudisha.
Siku hiyo niliona jibu kwa mara ya kwanza:
hamsini na sita.
Nilikuwa nalo tangu juzi.

Wekeni hiyo kamba.
Kichuguu kile pale, jembe limekizunguka miaka yote
kwa kuwa mchwa hawahamishwi na tangazo.
Nishikeni mkono nipande.
Hapa kidevu changu. Hapo dirisha.
Pale, kwenye tuta la nne, ubao;
na hatua moja kushoto, ubao wa pili,
ule uliosogezwa.

Wakanyamaza. Kapela akavua kofia,
akaenda kusimama alipokuwa akikaa,
katikati ya majani mapana yanayonata,
akaangalia mbele kama anayesubiri kuulizwa.

Mtendaji bado ameshika kalamu.
Kwenye safu ya darasa hajui ajaze nini.

Fundi Shija akachimba, akamimina zege, akasimamisha kibao.
Udongo wa tumbaku ni laini; kikalala upande.
Wote wakapiga kelele: kinyooshe! kinyooshe!
Mimi nikapinda shingo,
kama ninavyopinda hadi leo nikisoma ujumbe wa simu
wajukuu wakifa kwa kicheko,
nikasoma neno kwa neno, mpaka nukta.

Kiacheni hivyo hivyo, nikasema.
Shija akauliza, kwa nini?
Simenti ilikuwa imeshaanza kushika.