Noti Iliyoshonwa

Jumanne usiku, New Malden, baada ya dawa ya presha,
Bwana Pargeter huniomba albamu ya kijani.
Nanawa. Ananikagua kucha, ndilo sharti:
jasho, anasema, ni asidi.

Noti zimelala ndani ya nailoni kama maiti waliokafiniwa vizuri,
shilingi tano, kumi, ishirini, mia.
Hazijakunjwa. Hazijalipa deni la mtu.
Ndiyo maana ni ghali.
Alizinunua mnadani, moja moja, kwa pensheni,
yeye mwenyewe aliyezichonga.

"Huyu simba," anasema,
na kidole kinatetemeka hewani bila kugusa,
"nilimfuata bustani ya wanyama Ijumaa nne, mvua ikinyesha.
Alikuwa amelala.
Manyoya ya shingo, wiki tisa:
mistari kumi na minne kwenye upana wa punje ya mchele.
Mlima nilipewa kwenye postikadi."

Mimi namtazama simba.
Ana uso wa mtu aliyeamshwa.

Miezi mitano sikumwambia kitu.
Halafu nikatoa, kutoka bahasha ya kliniki,
shilingi tano ya Bi Sikudhani,
imepauka, imelainika
kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.
Katikati ina ufa,
na ufa umeshonwa kwa uzi mweusi, mishono kumi na mmoja.

Ulikuwa mshahara wa babu, Muheza, kwenye mkonge,
sehemu ya siku thelathini za kipande.
Siku aliyouleta, babu akavuta huku, bibi akavuta huku:
huyu tembo, huyu ada ya shule.
Ikapasuka shingoni pa malkia.
Duka la Virji likaikataa.
Bibi akaishona.
Duka la Virji likaikataa tena.
Basi, ikabaki.

Bwana Pargeter akabana lenzi jichoni.
Friji ikakohoa jikoni.
Nilijua atasema haina thamani;
kwa lugha ya wakusanyaji, kweli haina.
Akasema: "Sindano imepita kati ya mistari yangu.
Hakukata hata mmoja."
Kisha: "Alivaa miwani?"

Hakuwa na miwani. Alikuwa na koroboi.

Akataka kuinunua. Pauni arobaini. Akapanda sitini.
Nikasema haiuzwi,
nikaishangaa sauti yangu,
maana kodi ya chumba nilikuwa sijalipa.

Hapo akanyoosha mkono, bila kunawa,
akaipapasa kwa gumba, mshono hadi mshono,
polepole, mdomo ukihesabu.
Miaka sabini, alisema, na hajawahi kuzishika
zikiwa pesa.

Saa nne na nusu ikagonga.
Nikamwambia ageukie ukutani, nimbadilishie shuka.
Akageuka.
Noti alikuwa bado anayo.