Jicho la Kushoto

Taa ya kushoto imeungua tena.
Ukuta wa mama Ndewario ndio ulioniambia:
nilizoea kuuchora miduara miwili ya mwanga
kila nikikata kona ya kuingia kwetu Rau.
Juzi nikachora mmoja,
na paka wake akanitazama
kama chongo amwonavyo chongo mwenziwe.

Aminieli fundi, nyuma ya soko la Mbuyuni,
huuliza swali lilelile hata ukimletea spana:
"Unataka ya Japani au unataka ya bei?"
Nikachukua ya bei.
Akanikataza kukigusa kioo kwa vidole.
"Mafuta ya mkono yanaua balbu, mzee."
Nikacheka peke yangu.
Ya mkono, Aminieli, ndiyo mafuta pekee
niliyobaki nayo.

Jumatano ya kwanza ya mwezi
sisi wenye magari huwa watu wa redio.
Wakifika Moshi napunguza sauti,
nisije nikasikia mpaka senti.
Jioni nasimama kituoni,
kwa koo la mtu anayejaza tanki nasema:
"Weka ya elfu kumi."
Furahini wa pampu hanitazami, ana adabu.
Mshale unainua kichwa
kama mgonjwa aliyeitwa jina,
unalala tena.

Kuna siku nateremka kutoka Uru
gia nimeitoa, injini nimeizima.
Usinifundishe, najua ni hatari:
usukani unakuwa mgumu kama mdaiwa,
breki inageuka jiwe.
Lakini masikio yangu!
Nasikia maji ya mfereji,
nasikia migomba ikisuguana majani,
nasikia shilingi zikikaa kimya mfukoni.

Kadi ina jina langu.
Deni la SACCOS lina jina langu, limeandikwa kwa wino mzito zaidi.
Gari ni la ukoo.
Limebeba mikungu ya mshare, limebeba mabomba ya maji,
limembeba ndafu wa harusi ya Manka
kafungiwa mkanda kiti cha mbele
nami bwana harusi nimemweka nyuma.
Limempeleka shemeji Kundaeli na plasta yake
KCMC mara saba,
na mara zote saba ameshuka akisema, "Mungu akubariki."
Baraka nikazipokea, nikazipeleka kituoni.
Furahini akasema mashine yake haizisomi.

Jana umeme ulikatika, na Ndeshi ana mtihani.
Nikaligeuza gari likautazama mlango wa jikoni,
nikawasha taa zote mbili:
ya kulia kuukuu, ya manjano kama samli,
ya kushoto mpya, nyeupe kama ya wodini.
Mtoto mmoja, vivuli viwili ukutani,
vyote vinatafuna kalamu.

"Baba, gari linakwenda kilometa themanini kwa saa.
Litafika Same saa ngapi?"
"Limewekwa mafuta ya shilingi ngapi?"
"Kitabu hakijasema."
"Basi halijaondoka."
Akaandika hivyohivyo, kwa mwandiko mzuri,
akapigia mstari.

Asubuhi betri ni maiti.
Sikumwita mtu. Nilisimama tu,
nimefungua boneti, namkagua marehemu
kana kwamba najua alichougua.
Kundaeli akatokea na mguu wake uliopona.
Mama Ndewario akaja, khanga kaifunga kiunoni,
na mwalimu wa kwaya,
na vijana wawili wa bodaboda
waliolala njaa kwa bei ileile inayoniuguza mimi.
Hakuna aliyesema neno la maana.
Viganja kumi kwenye buti.
Mafuta ya mkono.

Likakohoa, likagoma, likakohoa,
likaitikia karibu na kanisa.
Sikusimama kushukuru. Ningesimama lingezima.
Nikapiga honi,
nikakumbuka honi haifanyi kazi tangu Pasaka,
nikatoa mkono dirishani, nikaupunga
mpaka kona.