Jedwali Ukutani

Kila Juni, bajeti ikishasomwa redioni,
nilipanda kiti, nikachomoa pini nne,
nikabandika jedwali jipya juu ya la zamani.
Sikutupa hata moja.
Leo, siku yangu ya mwisho katika kiwanda hiki cha mablanketi,
nimeubandua mzigo wote, unene wa Biblia,
na ukutani umebaki mraba mweupe
kama mahali palipotundikwa picha ya marehemu.

La chini kabisa ni la themanini na sita.
Karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa.
Wakati huo shilingi ya juu kabisa ya meneja
ilikatwa senti sitini na tano,
naye alinijia na kikokotoo chake, akihema:
"Rispa, hebu rudia."
Nikarudia.
Mwaka uliofuata mshahara wake haukupanda hata ndururu.
Kilichopanda ni gari, nyumba ya Milimani, mtunza bustani,
vitu ambavyo jedwali langu halikuvitengea safu.

Kisha ikaanza kushuka. Hamsini. Arobaini.
Ilishuka miaka ileile ziwa letu lilipokuwa likikauka,
vumbi la magadi likivuka Bondeni
hadi kwenye vitabu vyangu vya hesabu.
Ilipofika thelathini ikatulia,
nami nikadhani, kama tulivyodhani juu ya ziwa,
kwamba sasa imejua mpaka wake.
Walioshuka lakini walikuwa wa juu.
Huku kwa wasukaji na watia rangi
kumi ilibaki kumi.

Babu yangu kule Alego alilipia mapaa, si mapato.
Wake watatu, mapaa matatu, na kila paa rupia zake.
Hakuulizwa amepata nini;
aliulizwa ana milango mingapi.
"Afadhali ninyi," baba alikuwa akiniambia,
"mnakatwa kabla hamjaziona."
Sijawahi kujua kama alikuwa akinitania.

Mwaka wa barakoa nilipanda kiti kabla ya Juni.
Mwisho wa mwezi Wepukhulu wa rangi akaja dirishani,
vidole samawati hadi kwenye kucha,
noti kazikunja ndani ya gazeti.
"Mama, mmenizidishia.
Elfu moja mia tisa thelathini na tatu.
Zichukueni sasa, msije mkanikata kwa mkupuo."
Si sisi, nikamwambia. Serikali imepunguza.
"Kwa nini?"
Gonjwa.
"Mpaka lini?"
Hawajasema.
Akalikunja gazeti upya, taratibu, kona kwa kona.
"Basi huyu ni mgeni.
Siku ya tatu hupewa jembe,
ila huyu sijui kama analima."

Januari hakuja.
Nilimfuata mwenyewe kwenye mapipa ya rangi
na hati yake ya mshahara mkononi.
Mia saba zilikuwa zimerudi zilikotoka.
Akaisoma mara mbili, midomo ikichezacheza,
kisha akacheka mpaka wenzake wakageuka.
"Ameondoka na blanketi moja tu!
Mgeni mwungwana."

Hakujua wengine wako njiani.
Thelathini na tano imezaliwa huko juu kabisa,
na huku chini, pembeni mwa kodi, safu juu ya safu:
ya afya, ya uzee, ya nyumba,
safu ninazoanza kuziandika kwa penseli.
Nyumba, Wepukhulu: mia nne sitini na tano kila mwezi.
Bado amepanga Kaptembwo, chumba kimoja, choo cha jumuiya.
Safari hii hakunijia na swali.
Ziwa nalo limerudi. Limemeza lango la hifadhi,
na nguzo za ua zimesimama majini
kama watu waliosahauliwa kwenye foleni.

Kiptanui, anayekirithi kiti changu, ana kompyuta;
viwango hubadilika humo bila mtu kupanda popote.
Ameniuliza kwa adabu
kama makaratasi haya ayapeleke jikoni yakawashie moto.
Haya naenda nayo, nimemwambia.
Nikamfungua kiganja,
nikamwachia pini nne zenye kutu.