Sekunde Arobaini na Saba

Saa moja na nusu, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu.
Bi Semhando wa kaunta amebonyeza, amekunja mikono.
Duara linazunguka.
Nje, wafugaji wa Pongwe na madumu matupu
wanataka hela yao ya wiki.

"Mtandao huo," wanasema. Si mtandao, nimeuchomoa.
"Basi kompyuta imechoka." Haijatimiza mwaka.
Nikaiomba programu inisimulie, mstari kwa mstari,
inamwita nani, inamngoja nani.

Ikasimulia.
Ili ifunge kufuli moja tu
inaamsha ukoo mzima wa wahunzi,
mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja
anaulizwa jina, anakaguliwa muhuri,
anaambiwa karibu, keti, kazi hakuna.
Mwenye ufunguo yuko mkiani, anapiga miayo.

Hapo zimekwenda thelathini na tisa.
Na nane zilizobaki?
Inangoja bahati nasibu:
namba zisizobashirika, izichume
kwenye vidole vya watu, kwenye kipanya kinachoyumba,
na asubuhi hii hakuna aliyegusa kitu.
Sisi kimya, tunaisubiri.
Yenyewe kimya, inatusubiri.

Nilicheka peke yangu kama mwehu.
Nikaandika mstari mmoja: mwenye ufunguo atangulie.
La pili sijalitibu bado.
"Bi Semhando, gongagonga hapo, chochote."
Akaandika jina la mwanawe aliye Korogwe, mara mbili,
bila nafasi katikati.
Duara likasimama.