Kiti cha Tatu

Chumbani mwangu, hapa Toppenish, viti ni vitatu.
Kimoja changu, kimoja cha aliyekuja,
na hicho kidogo cha miguu ya chuma
hakikaliwi.
Wageni hukitundikia makoti. Nawaomba wayaondoe.

Nilikalia kama hicho nikiwa na miaka tisa.
Kushoto mama, shingoni harufu ya majani mabichi,
kulia daktari, amekunja mikono ya shati,
ananitazama mimi, si yeye.
Ulimi wangu ndio uliokuwa daraja,
na darajani kila mtu hupita na viatu vyake.
Mwambie, akasema, uvimbe umeshasambaa.
Mwambie, miezi sita.
Nikageuka. Nikameza mate.
"Anasema upumzike, mama."
Kwa Kihispania sentensi hiyo ni fupi.
Ilinitoka safi, bila kigugumizi.

Mama akaitika kwa kichwa, akamshukuru daktari.
Alfajiri ya pili yake alikuwa juu ya ngazi,
anachuma matufaha.

Leo nina vyeti ukutani: Eréndira Huape, mnasihi.
Fomu za ofisi zina kisanduku kimoja kilichoandikwa Lugha.
Nami huandika: inategemea ni saa ngapi,
na nani kafa.
Kuna neno la kwetu, coraje,
humo hasira na ujasiri hulala kitanda kimoja;
Kiingereza huwapa kila mmoja chumba chake
na kufunga mlango.
Mtu akilitamka, siulizi ni lipi kati ya mawili.
Nasubiri nione nani ataamka kwanza.

Jumanne moja alikuja Don Eleuterio,
mchumaji wa miaka arobaini, usingizi umemhama
tangu mwanawe alipozama kwenye mfereji wa kumwagilia.
Kaja na mjukuu, Yareli, wa miaka minane,
ambaye hata salamu hazijaisha
keshakivuta kile kiti kidogo,
mgongo wima, mikono mapajani, tayari kwa kazi.
Nikamwambia, "Leo huna kazi hapa.
Pale nje kuna kalamu za rangi
na samaki wawili wasio na majina."
Akamtazama babu. Akanitazama mimi.
Aliposhuka
yalishuka na mabega yangu.

Mzee akaongea Kihispania: theluji, bei ya dizeli, goti lake,
goti tena.
Sikumharakisha. Goti nalo lina habari zake.
Halafu, akikaribia mfereji, akavuka lugha.
"Alikuwa wa baridi," akasema kwa Kiingereza,
Kiingereza cha ndiyo bosi, cha risiti na vituo vya mafuta,
lugha isiyowahi kumbembeleza mtoto wake.
Mwenzangu angeandika: anakwepa.
Mimi niliona mtu anayeepua sufuria ya moto
kwa kitambaa.
Mwache akishike. Kitambaa si uongo.
Nikamfuata kwa Kiingereza kile kile cha kuchechemea,
nikiacha mapengo wazi pale alipoyaacha.

Wiki ya tano ndipo alipolitaja jina,
la nyumbani, lenye kimkia cha mapenzi mwishoni:
Lalito.
Kitambaa kikaanguka.
Akalia kama wanavyolia watu wa mashambani,
kofia usoni.
Sikutafsiri. Sikusogeza hata leso.

Yareli, mlangoni, akauliza kama tumemaliza.
Samaki mmoja kamwita Bosi.
Wa pili bado anamfikiria.

Na mama?
Mwezi wa tano, ngazi imeshamshinda,
alinikalisha sakafuni kati ya magoti yake
anisuke nywele.
"Sita naijua," akasema, chanuo mdomoni.
"Msimamizi huhesabu makasha kwa sauti kubwa, kila siku.
Moja, mbili, mpaka sita. Naijua vizuri."
Nikataka kugeuka.
"Tulia," akasema, "utaharibu mstari."
Akaendelea kusuka.