Dirisha la Tatu

Kabla sijavua koti huwa wameshapanga foleni,
bahasha za kaki kifuani kama vichanga
waliofunikwa wasipigwe na vumbi la Arua.
Swali la kwanza, kila Jumatatu, ni lilelile:
"Nina sinia ya nne tu. Naweza kuwa daktari?"
Unaweza. Ila njia ina ngazi, ngazi ina ada,
ada ina risiti, na risiti ni ya benki, si ya simu.
Nayasema haya bila kumeza mate.
Sauti yangu imechakaa kama mhuri wangu,
ule ambao herufi A imekatika mguu.

"Cheti kinasema Candiru. Kitambulisho, Chandiru."
Mama, mimi nakuona mtu mmoja.
Kanuni inawaona wawili,
na mmoja wao hana sifa.
Nenda kwa wakili ukaape kwamba wewe ni wewe.
Akacheka. "Niape? Na aliyenizaa
yuko hai, hapo Ediofe, anasuka mikeka?"
Aliyekuzaa, nikamjibu, hana mhuri.

Neno hilo nimelala nalo siku tatu.

Kisha mwalimu kutoka ng'ambo, upande wa Kongo,
shati limepigwa pasi kwa mkaa, diploma ya Kifaransa
ndani ya nailoni, ndani ya nailoni nyingine.
Ipelekwe Kampala ikalinganishwe, nasema.
"Kwani elimu nayo hubadilishwa mpakani, kama faranga?"
Hubadilishwa, bwana.
Na bei haipangwi hapa dirishani.
Akaikunja nailoni polepole, mara mbili.

Saa sita kasorobo akaja Driciru,
mkunga, viatu vyeupe vimekuwa rangi ya njia.
Miaka ishirini wodi ya wazazi. Anataka digrii.
Nikapitisha kidole: Hisabati, ipo. Baiolojia, ipo.
Kemia, tisa.
"Hatukuwa na maabara," akasema, si kwa kulalamika.
"Mwalimu alituandikia moto ubaoni:
chumvi, njano; shaba, kijani.
Tukakariri rangi za miali tusiyoiona.
Siku hizi nazalisha kwa taa ya simu,
naimeza dawa kwa macho, naisoma chupa gizani,
na kijani cha shaba bado sijakiona.
Sasa niambie. Nikiwa na miaka arobaini na minne,
naruhusiwa kurudi kufanya kemia,
nikae dawati moja na mwanangu wa mwisho?"

Kwa swali hili sikuwa na jibu la kasuku.
Nikafungua kitabu cha kanuni, chenye alama za chai,
nikatafuta katazo. Ukurasa wa tisa. Wa kumi na moja.
Nyongeza. Maelezo madogo chini ya nyongeza.
Foleni nyuma yake ikaanza kupiga miayo.
Kitabu kilikuwa kimya,
na kimya hicho, Mungu anisamehe,
nilikigonga mhuri nikakiita ndiyo.

Akaketi kwenye ngazi na fomu magotini,
akaazima kalamu kwa kijana asiyemjua.
Nilikuwa tayari nashusha pazia la chakula cha mchana
aliporudi, kidole kimesimama kwenye mstari wa saba:
"Shule niliyosoma ilishafungwa. Sasa ni ghala la tumbaku.
Niandike nini?"

Andika jina lake.
Liandike kama lilivyo kwenye cheti,
usiongeze herufi.