Kabari

Sanduku la viatu lilifika Jumanne,
ndani yake bastola imefungwa fulana kuukuu
na bahasha: *Huu si mtutu wangu. Nirudishie wangu.*
Maneno sita, ukiacha jina la Thurman,
baada ya miaka tisa ya kimya.

Nje, mvua ya barafu inagonga bati la ghala.
Ni Februari, ni Missouri, ni jikoni kwa Baba.
Nimetandaza gazeti, nikaiweka ya Amu upande wa kulia,
ya Baba kushoto, na harufu ya salfa ikaamka
kama yai lililosahauliwa kabatini.

Mikono ya Baba siku hizi hutetemeka hata kwa kijiko,
kwa hiyo yeye ni mdomo, mimi ndiye mikono.
"Hakikisha hazina kitu, Verlene."
Nimeshaangalia mara mbili. Naangalia ya tatu.
Vyumba sita, na sita tena, vitupu.

Walizinunua siku moja, mwaka wa sabini na nne,
pacha wa kiwandani kutoka Italia,
nakala za bastola za vita alivyopigana babu wa babu yao
(upande upi, hutegemea nani anasimulia).
Mtutu mrefu wa Baba. Mfupi wa Amu.
Nambari chini ya fremu, nambari chini ya mtutu,
chuma kisije kikampotea nduguye.

Kisha usiku mmoja wa mashindano, Septemba,
kwa dau la chupa ya wiski
wakabadilishana mitutu, wakacheka mpaka moto ukazimika.
Ilipokuja kesi ya malisho ya kusini,
wakili, mpima ardhi, waya wa miiba,
kila kitu kiligawanywa. Mitutu haikukumbukwa.

Wanasema ndugu wakigombana shika jembe ukalime.
Mimi nimeshika nyundo ya mbao.

"Kabari kwanza," anasema Baba.
Kipande cha chuma, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho,
kinapenya ubavuni, kinatokea ubavu wa pili,
na kwa hicho tu mtutu mzima unakaa.
"Taratibu! Huui nyoka."
Ya Baba ikatoka kwa pigo la tatu.
Ya Amu, kwa kutu, ikanila nusu saa na lugha chafu.

4417 ikarudishiwa 4417.
Nikagonga kabari, nikazungusha silinda:
ikagoma. Imebanwa, haitikisiki.
Miaka arobaini ugenini, mtutu umesahau nyumbani.

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi.
"Mhimili ni mfupi, shimo ni refu.
Ukigonga sana, mtutu unarudi nyuma, unakaba.
Tafuta kitu cha kujaza chini ya shimo."
Nikafungua kopo la misumari, nikapata washa ya shaba
iliyokuwa ya bomba la sinki.
Nikaisugua kwa tupa, nikapima, nikasugua,
unga wa njano ukinijaa kwenye kucha,
hata ukabaki upenyo mmoja, mwembamba.
"Mwembamba kiasi gani?"
Nikachana ukingo wa bahasha ya Amu, nikaupitisha.
Ukapita, ukikwaruza kidogo.
Silinda ikazunguka.

Ya pili haikuhitaji washa. Sijui kwa nini.
Baba pia hajui, ila alijifanya anajua.

Sasa kalala kitini, mdomo wazi,
na mtutu wake mrefu mapajani.
Nafunga ya Amu kwa fulana ileile.
Barua sikuandika; ningeandika nini,
mimi niliyekuwa upande wa waya wa miiba?

Ila kabari nilizibadilisha.
Yake inashika wa Baba, ya Baba inashika wake.
Zinatofautiana kidogo, kuzipigia tupa kidogo kulitosha.
Kabari hazina nambari.
Wala hakuna aliyeziulizia.